Tufani ya Unguja ya Mwaka 1872

Nchi zilizo karibu na ikweta ni nadra kupatwa na tufani kuu. Kwa hiyo tarehe 15 Aprili 1872 watu wa Unguja walipatwa na jambo wasilolitazamia. Tufani ya namna ile huzunguka kama pia. Upepo huvuma kutoka upande mmoja. Kisha katikati yake hutulia, hata mtu akadhani ya kuwa hatari imekwisha. Halafu hurejea kwa nguvu kutoka upande wa pili.

Tufani ilipopita, bandari ilikuwa imejaa vyombo vilivyovunjika, na merikebu za Seyyid Barghash bin Said, aliyeanza kutawala mwaka 1870, zilikuwa zimeangamia. Huko mashamba hasara ilikuwa kubwa zaidi. Yakadiriwa ya kuwa theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iliangushwa. Mtu aliyepotewa na mahindi aweza kuvuna tena baada ya miezi michache, lakini mche wa mkarafuu huchukua miaka sita hata minane kabla ya kuanza kuzaa.

Basi nchi ilisimamaje tena? Serikali ilifanya kazi kubwa, lakini kazi yake ilionekana zaidi mjini. Seyyid Barghash alinunua meli za moshi zilizochukua abiria na shehena mpaka Bombay. Aliagiza Uingereza merikebu iitwayo Glasgow badala ya zile zilizopotea, nayo ilishushwa majini mwaka 1878. Baadaye alileta mjini maji safi ya chemchemi kwa mifereji, watu wakayateka bila malipo. Wenye mashamba, lakini, wengi wao walikopa fedha kwa matajiri wa mjini wakiweka mashamba yao rehani, na deni likawa mzigo wa miaka mingi.

Faraja ya biashara ilitoka Pemba. Kisiwa kile hakikuharibika sana. Karafuu zilipokuwa haba, bei ilipanda, na watu wa Pemba wakapanda mikarafuu kwa bidii. Kabla ya karne ile kwisha, Pemba ilikuwa imeipita Unguja kwa mavuno, na mpaka leo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi.

Lakini tukiishia hapo, tutakuwa tumesimulia nusu ya habari. Ni nani aliyechimba mashimo, akaipalilia miche ile na kuchuma karafuu? Wengi wao walikuwa watumwa. Mwezi wa Januari 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, alifika Unguja kudai biashara ya watumwa ikomeshwe. Seyyid alikataa, na moja ya hoja zake ilikuwa hii, ya kuwa nchi imekwisha haribiwa na tufani, nayo haiwezi kustahimili hasara nyingine. Waingereza walipotishia kuifunga bandari kwa manowari, alitia sahihi mapatano tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa likafungwa. Hata hivyo watu waliendelea kuvushwa kwa siri mpaka Pemba, kwa kuwa mashamba mapya yalihitaji mikono.

Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1897. Hapo serikali ilitoa fidia, lakini fidia ile walipewa mabwana kwa ajili ya watumwa waliowapoteza. Wale waliotumikishwa hawakulipwa kwa miaka yao ya kazi, wala kwa miti waliyoipanda baada ya tufani.

Wahenga husema, mchumia juani hulia kivulini. Katika habari hii mmoja alichumia juani, na mwingine akala kivulini. Kwa hiyo msiba ukiipata nchi, na serikali ikatoa msaada, haitoshi kuhesabu merikebu zilizonunuliwa wala magunia ya karafuu yaliyouzwa. Yafaa pia tuulize msaada ule umeingia katika nyumba za nani, na ni nani aliyebaki nje ya mlango ilhali mikono yake ndiyo iliyojenga. Nchi iliyoinuka kweli ni ile ambayo mtu wake wa chini ameinuka pamoja nayo.