Kunakili Hifadhi ya Msimbo na Umiliki wa Matawi: Historia ya Git, 2005–2007, na Maana Yake kwa Mbulu na Hanang

Mwaka 1969 Wilaya ya Hanang ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbulu. Historia ya kabla ya hapo ni ya wilaya zote mbili. Ya baadaye kila moja ina yake. Matawi katika udhibiti wa matoleo ya programu hufuata utaratibu unaofanana na huo: tawi ni jina linaloelekeza kwenye badiliko la mwisho, na majina mawili huweza kuchangia historia moja.

Mifumo ya awali, kama CVS na Subversion, iliweka historia kamili katika kompyuta kuu. Mtandao ulipokatika, aliyekuwa mbali hakuweza kusajili badiliko. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds Aprili 2005 baada ya watengenezaji wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia BitKeeper bila malipo, ilimpa kila anayenakili historia yote.

Kunakili huko kulizua swali la umiliki: matawi ya asili ni ya nani ndani ya nakala? Hapo mwanzo, kwa kawaida, Git iliyaweka mahali pamoja na matawi ya mwenye nakala. Tawi kuu la asili liliitwa origin. Mengine yalibaki na majina yao. Mtumiaji alionywa asiandike juu yake, ila kosa lilikuwa rahisi kutendeka. Toleo la 1.5.0, la Februari 2007, liliyatenganisha. Tangu hapo matawi yote ya asili hukaa chini ya jina origin, yakiwa kumbukumbu ya mawasiliano ya mwisho. Tawi moja tu, lile kuu, hufunguliwa papo hapo kuwa la mwenye nakala na kuunganishwa na mwenzake wa asili. Mengine hufunguliwa yanapohitajika.

Takwimu za afya za Mbulu na Hanang hukusanywa kwa DHIS2, mfumo ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ambao msimbo wake ni huria na huhifadhiwa kwa Git. Mtaalamu aliyeko Katesh au Haydom aweza kuunakili, kisha akaurekebisha bila intaneti. Hata hivyo kumbukumbu za asili hazijisasishi. Asipozileta upya, atadhani asili imesimama. Mpangilio wa 2007 ulimwezesha kuandika historia yake bila kufuta ushahidi wa ile aliyoirithi.