Freddy: Kimbunga kilichodumu siku 36 na kuvunja rekodi ya dunia

KIMBUNGA Freddy, kilichoipiga Kusini Mashariki mwa Afrika mwaka 2023, ndicho kimbunga cha kitropiki kilichodumu muda mrefu zaidi tangu vipimo vya aina hiyo vianze kuwekwa. Mwaka 2024 Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lilithibitisha kuwa kilidumu siku 36, na hivyo kukipiku kimbunga John cha Bahari ya Pasifiki kilichoshikilia rekodi hiyo tangu mwaka 1994.

Freddy kilizaliwa mapema Februari 2023 kaskazini magharibi mwa Australia, kisha kikaivuka Bahari ya Hindi yote kuelekea magharibi. Safari ya namna hiyo ni nadra. Kabla yake iliwahi kufanywa na vimbunga Leon-Eline na Hudah, vyote vya mwaka 2000. Kwa jumla Freddy kilisafiri kilometa 12,785, umbali unaozidiwa na ule wa John peke yake.

Februari 21 kilitua Madagascar karibu na mji wa Mananjary, na siku tatu baadaye kikaingia Msumbiji karibu na Vilankulo. Wengi walidhani kimekwisha. Hata hivyo, kilirejea katika Mlango wa Bahari wa Msumbiji, kikapata nguvu mpya kutokana na joto la maji, na Machi 11 kikatua tena karibu na Quelimane.

Kimbunga hupata nguvu kutokana na mvuke wa bahari yenye joto la nyuzi 26.5 au zaidi, na hudhoofika kinapokaa nchi kavu. Freddy kilidhoofika na kupata nguvu upya mara kadhaa.

Walioumia zaidi ni wananchi wa Malawi, nchi isiyo na bahari. Mvua inayokaribia ya miezi sita ilinyesha kwa siku sita kusini mwa nchi hiyo. Jijini Blantyre, maporomoko ya matope na mawe yalizifukia nyumba katika mitaa iliyojengwa kwenye miteremko, ukiwamo Chilobwe. Serikali ya nchi hiyo ilitangaza vifo 679, watu 537 waliotoweka, na zaidi ya 650,000 waliopoteza makazi. Rais Lazarus Chakwera alitangaza hali ya maafa na siku 14 za maombolezo ya kitaifa.

Maafa hayo yaliikuta Malawi ikiwa tayari katika mlipuko mbaya kuliko yote wa kipindupindu katika historia yake, ulioanza Machi 2022. Mashamba yalisombwa mavuno yakiwa karibu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa majirani waliopeleka chakula na helikopta za jeshi.

Pwani ya Tanzania hupigwa na vimbunga kwa nadra, kwa kuwa karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayovizungusha huwa hafifu. Nadra si kinga: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Kisiwa cha Mafia, na tahadhari iliyotolewa mapema ilifanya boti za Dar es Salaam na Zanzibar zisitishe safari.

Tahadhari huokoa pale mwananchi anapokuwa na mahali salama pa kukimbilia. Kwa maskini wa Blantyre waliojenga mlimani kwa kukosa ardhi kwingine, mahali hapo hapakuwapo.