Wavuvi Waliogeuka Walinzi: Historia ya Kisiwa cha Chumbe

Burundi haina bahari, lakini ina Ziwa Tanganyika, na watalii hufika Hifadhi ya Rusizi, karibu na Bujumbura, kutazama viboko. Kwa hiyo historia ya Chumbe, kisiwa kidogo cha matumbawe huko Zanzibar, inatuhusu.

Mwaka 1904 palijengwa hapo mnara wa taa wa kuongoza meli. Hapakuwa na kijiji. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa magharibi na msitu wa kisiwa hicho kuwa hifadhi, chini ya usimamizi wa kampuni binafsi. Uvuvi ukakatazwa hapo. Badala ya kuweka askari wenye bunduki, kampuni iliwaajiri wavuvi wa vijiji jirani na kuwafundisha ulinzi.

Kisiwa hakina maji baridi. Basi yakajengwa mabanda saba tu ya wageni: mapaa hukinga mvua, umeme hutoka kwenye jua, na vyoo havitumii maji. Fedha za wageni hulipia ulinzi pamoja na ziara za wanafunzi wa Zanzibar.

Chumbe kilikuwa na bahati, kwa kuwa hakuna kijiji kilichohamishwa. Rusizi imezungukwa na watu wanaovua, wanaolima na wanaokata matete. Tukiwafukuza kwa ajili ya mtalii, watarudi usiku. Aliyevua miaka mingi ndiye anayejua samaki wanazalia wapi. Huyo ndiye anayefaa kuajiriwa kwanza.