Noeli Tatu za Wakati wa Vita, 1916 hadi 1918

Kila mwaka ifikapo Desemba katika nchi zetu za Mbeya na Iringa mvua imekwisha shika, mahindi ni machanga shambani, na ghala nyingi zimekaribia kuwa tupu. Mwezi wa furaha ya Kuzaliwa kwa Bwana kwetu sisi ni mwezi wa jembe na wa kungoja. Nyumbani mwa wengine hamna nguo mpya wala nyama, na kwingine kuna msiba, basi husema, “Mwaka huu hatuna sikukuu.” Yafaa tuwakumbushe habari za Noeli tatu ambazo wazee wetu waliziona katika Vita Kuu ya kwanza.

Injili ilifika pande hizi mwaka 1891, walipokuja Unyakyusa wamisionari wa makundi mawili: Wamoravian, waliojenga Rungwe, na watu wa Misheni ya Berlin. Kwa muda wa miaka 25 kazi ilienea. Wamoravian walifika Utengule na Mbozi. Watu wa Berlin walivuka milima mpaka Bulongwa na Tandala katika Ukinga, Kidugala, Ilembula na Lupembe katika Ubena, hata Pommern katika Uhehe. Kadhalika Wakatoliki walikuwa wamejenga Tosamaganga, karibu na Iringa. Lakini katika misheni zile mbili za Kiprotestanti hapakuwa bado na Mwafrika wa nchi hizi aliyewekewa mikono kuwa mchungaji. Kubatiza na kutoa Chakula cha Bwana kulikuwa mikononi mwa Wadachi peke yao.

Vita vilianza Agosti 1914. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka wa kusini yakautwaa mji wa Neu Langenburg, ndio Tukuyu ya leo. Na mwisho wa Agosti yakaingia Iringa. Watu walidhani vita vimekwisha pita. Havikupita. Tabora ilipoanguka mwezi wa Septemba, Wadachi waliokuwa huko walishuka kusini chini ya Jenerali Wahle, na mwezi wa Oktoba na Novemba nchi ya Uhehe na Ubena ikawa uwanja wa mapigano: Ngominyi, Malangali, Lupembe, Ilembula.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Kila jeshi lilitaka chakula na watu wa kuchukua mizigo. Ng'ombe walitwaliwa, ghala zikafunguliwa kwa nguvu, na vijana walichukuliwa kuwa wapagazi. Katika wapagazi wa upande wa Waingereza pekee, karibu 100,000 walikufa katika vita vile vya Afrika Mashariki, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kupita waliouawa na risasi. Unyakyusa migomba iliwasaidia watu; lakini Ubena na Uhehe, ambako chakula ni nafaka, ghala ikichukuliwa hakuna kilichobaki.

Katika dhiki hiyo wamisionari wa Kidachi nao walishikwa na Waingereza, wakaondolewa katika vituo vyao. Hivyo Noeli ya 1916 ilikuta sharika nyingi bila mchungaji. Wanafunzi wa ubatizo walikuwapo, mbatizaji hayupo. Meza ya Bwana ipo, wa kuitumikia hayupo. Fedha za misheni zilikatika, na walimu wakabaki bila mshahara.

Na lilikuwapo jaribu lililo zito kuliko njaa. Wale waliotuletea habari za Mfalme wa Amani walikuwa wakiuana wao kwa wao. Mtu asiyeamini aliweza kumwuliza Mkristo, “Huyo Mungu wenu ni wa Mdachi au wa Mwingereza?” Noeli ya 1914 huko Ulaya askari wa pande zote mbili walitoka mahandakini, wakasalimiana na kuimba pamoja, kisha wakarudi kupigana. Swali hilo halikujibiwa na wenye bunduki. Lilijibiwa na wazee wa kanisa na walimu, watu waliojua kusoma na kuomba tu, walioendelea kuwakusanya watu siku za Bwana, kuwafundisha watoto na kuwatazama wagonjwa. Hatusemi kwamba Wakristo wote walisimama imara. Wako waliorudia desturi za zamani. Lakini taa haikuzimika.

Mwaka 1918 taabu ilizidi. Von Lettow-Vorbeck alirudi kutoka nchi ya Wareno, akapita Songea na Ubena, ambako alimwacha Jenerali Wahle mgonjwa, kisha akapita Mbozi kwenda Rodesia. Alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba huko Abercorn, iitwayo sasa Mbala. Amani ikaja, na pamoja nayo homa kali ya mafua iliyozunguka dunia yote. Katika nchi hii iliua watu makumi ya maelfu. Kwa hiyo Noeli ya kwanza ya amani ilikuwa Noeli ya makaburi mapya.

Tuitazame basi Noeli iliyo ya kwanza kabisa. Yusufu na Mariamu hawakwenda Bethlehemu kwa kupenda; walisafirishwa na amri ya Kaisari, mtawala wa mbali, kama wapagazi wetu walivyosafirishwa. Walikosa nafasi nyumbani mwa watu. Kisha walikimbia usiku kwenda Misri kwa sababu ya upanga wa mfalme. Mwana wa Mungu alizaliwa katikati ya dhiki kama zile zilizowapata wazee wetu, hakungoja ziishe. Ndiyo maana sikukuu yake haiwezi kuondolewa na ghala tupu.

Baada ya vita Waskoti wa misheni ya Livingstonia waliziangalia sharika hizo za Kiprotestanti, mpaka Wadachi waliporuhusiwa kurudi, tangu mwaka 1925. Waliokuja hawakukuta magofu tu. Walikuta watu wa Mungu. Miaka ya 1930 Waafrika wakaanza kuwekewa mikono. Na Wadachi walipoondolewa tena katika vita vya pili, kanisa lilikuwa limekwisha pata wachungaji wa kwao.

Ndugu zetu, ukiwa huna nyama mwaka huu, usiseme huna Noeli. Mwenye vibaba viwili vya unga ampe kimoja jirani aliyefiwa. Anayejua kusoma akamsomee Injili ya Luka mzee asiyeona. Hao wazee wa mwaka 1916 hawakuwa na zaidi ya hayo, na kanisa tunaloingia leo tumelipokea mikononi mwao.