Senti moja ya Oklahoma City

Kule Marekani kulikuwa mto wenye muji ulikuwa unaufyeka majani kwa mashini. Si mzaha. Ni mto ule unaopita Oklahoma City, ulikuwa mukavu karibu mwaka muzima.

Mwaka 1991 kampuni ya ndege United ilitafuta mahali pa kujenga karakana kubwa. Oklahoma City iliwawekea pesa mezani, lakini United ikachagua Indianapolis. Meya Ron Norick akaelewa: kumbe pesa haitoshi kama muji wenyewe hauvutii watu kuishi.

Tarehe 14 Desemba 1993 wakaaji wakapiga kura: senti moja juu ya kila dola ya mauzo, kwa miaka 5, ijenge projeti 9. Kura ilikuwa moja kwa zote. Unataka uwanja wa besiboli? Basi unakubali na maktaba, mfereji, na maji kurudi mtoni. Karibu 54 kwa 100 wakasema ndiyo.

Kinachonipendeza: hawakukopa. Pesa inaingia kwanza, njo banajenga, na kamati ya raia inaangalia. Kweli, kodi ya namna hii inamuuma zaidi maskini, tusifiche. Watu pia walichoka kungoja. Lakini tarehe ya mwisho ilijulikana tangu mwanzo; sisi na payage zetu tunajua tu siku ya kuanza! Mwaka 1998 pesa ilipopunguka, hawakuongeza kimya kimya: waliuliza tena raia, wakapewa miezi 6.

Mwaka 1999 kodi ile ikaisha. Leo kwenye mto ule banashindana kupiga kasia.