Njia moja au mbili za kutibu nafsi?

Bibi harusi mwenye hofu anapokwenda kwa mshauri, atibiwe kwa njia moja au kadhaa? Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1932, Marekani, Thomas French aliwaeleza madaktari wenzake kuwa Freud, aliyechimba yaliyofichika nafsini, na Pavlov, aliyechunguza mazoea, wanakutana. Wasikilizaji waligawanyika. Baadaye Hans Eysenck alionya kuwa kuchanganya nadharia huzaa vurugu tu. Mwaka 1967 Arnold Lazarus akasema azima mbinu inayofaa, nadharia yake iache. Paul Wachtel, mwaka 1977, akataka hata nadharia ziungane. Sisi tunajifunza hili: mshauri akichanganya, tumuulize sababu. Mwenye sababu hatakasirika.