Kitasa cha Mahame

Tulikuwa tunamfungashia bibi vitu vyake, ahame Bugwema aje kukaa nasi Musoma mjini. Chini ya sanduku la bati tukakuta kadi ya TANU ya marehemu babu, stakabadhi za pamba, na kitasa cha mlango kilicholiwa na kutu.

"Hiki tutupe, bibi?"

"Thubutu! Cha nyumba yetu ya kule juu."

Ndugu msomaji, shuleni tuliambiwa watu "walihamia" vijijini. Kweli, Ujamaa Vijijini wa 1967 ulikuwa wa hiari. Lakini Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ikifika mwisho wa 1976 wote wawe vijijini, na 1974 Operesheni ikaingia Mara, mkoa wake mwenyewe. Babu, mwana-TANU wa kulipa ada bila kukosa, aliezua paa lake kwa mikono yake, akang'oa na mlango, maana mbao ni mali. Mihogo ikabaki shambani. Kaburi la mtoto wao wa kwanza likabaki pia.

Bibi hamlaumu Mwalimu. Watoto wake walisoma kwa sababu shule ilikuwa karibu, hilo anakiri. Ila alituambia, "Ile mara ya kwanza niliharakishwa. Nanyi mnaniharakisha?"

Dereva wa pikapu tukamwomba arudi kesho yake. Alfajiri tukapanda naye bibi hadi kwenye mahame. Minyaa mitupu. Akapita katikati yake, akasimama mahali, akavua kandambili.

"Yuko hapa."